Siku yangu maabarani: damu, stima na mzee wa benchi la mbele

Saa kumi na nusu alfajiri naamka, naoga, nawaachia watoto chai kwenye thamosi. Saa kumi na mbili kasoro niko kwenye matatu ya Githurai kuelekea mjini. Saa moja nimeshavaa koti jeupe katika maabara ya kibinafsi ninakofanya kazi. Watu wengi hudhani sisi hudunga sindano tu, mashine ikajisomea majibu.

Hadi saa tatu ni damu za kila siku: malaria, sukari, ini, mama wajawazito.

Jumanne na Ijumaa ndizo siku ninazozipenda na kuziogopa, siku za kupima kingamwili, yaani askari ambao mwili hutengeneza dhidi ya vijidudu, za virusi vya Epstein-Barr. Kipimo hiki huombwa na madaktari wa masikio, pua na koo wanaposhuku saratani ya koo la juu, kule nyuma ya pua. Virusi hivi vilionekana mara ya kwanza mwaka 1964, London, katika uvimbe wa mgonjwa wa hapa jirani, Uganda. Zaidi ya asilimia 90 ya watu wazima duniani wanavyo. Huambukizwa kwa mate, na wengi wetu tulivipata utotoni. Kwa hivyo sitafuti kama vimo. Natafuta aina moja ya kingamwili, IgA, ambayo hupanda kwa wengi wenye saratani hii. Na hupanda pia kwa watu wasio na saratani yoyote. Neno la mwisho ni la daktari, kwa kamera ya puani na kinyama kinachokatwa na kupimwa.

Leo, Ijumaa, saa nne na robo, nilikuwa namweleza hayo mzee mmoja aliyetoka kutolewa damu.

"Binti yangu, nimelipa. Nataka kujua leo kama nina kansa au sina."

"Mzee, sahani ya leo niliianza saa tatu na nusu. Yako itaingia Jumanne."

"Si uongeze hiyo moja tu?"

Nikamwambia sahani hiyo ni ya vishimo vidogo, kila sampuli na chake, na kila kishimo lazima kikae na damu muda ule ule. Nikichomeka yake katikati, namba itakayotoka itakuwa ya uongo. Akasema hivyo ni visingizio vya watu wasiotaka kazi. Akaketi benchi la mbele. Kila nikipita: "Bado?" Nilihesabu mara tisa. Akamgeukia karani, akadai arudishiwe pesa, kisha akakataa kuzipokea. Nilikasirika, nasema kweli. Mkono unaoshika pipeti, kile kifaa cha kunyonya na kupima matone, hautaki hasira.

Saa sita stima ikapotea. Vishimo vilikuwa vimegeuka buluu, nimetia asidi vikawa njano, kilichobaki ni mashine kuisoma hiyo rangi, na rangi haingoji. Jenereta haikuwa na dizeli. Tulikuwa tumelisema hilo tangu Jumatatu. Stima iliporudi karibu saa nzima ilikuwa imepita. Nikatupa kazi yote. Kazi ya sampuli 40.

Nikatoka, nikaketi benchi lile lile kwa sababu miguu ilikataa. Mzee hakuuliza "bado". Alisema mdogo wake alimezeshwa dawa za TB miezi sita kwa uvimbe wa shingoni, na haikuwa TB, ilikuwa saratani hii hii. Walipojua, ulikuwa umeshafika kwenye mifupa. Halafu akagusa sikio lake la kushoto: limeziba tangu mwezi wa tatu. Hasira yangu iliisha pale pale. Saratani hii inajulikana kufuata ndugu wa damu.

Sahani ina vishimo 96 na nilikuwa nimetumia nusu. Nusu iliyobaki ilitosha sampuli 41. Nikaanza upya, na ya 41 ilikuwa yake.

Sikula. Kunyonya, kumwaga, kungoja, kuosha, kuosha tena, kidole gumba kikiwaka moto. Sijui ilikuwa saa ngapi tulipowasha taa. Wenzangu waliaga, nikabaki na mlinzi na mlio wa friji.

Namba ya mzee ilikuwa chini. Nilimpigia nikamwambia majibu yameenda kwa daktari wake, na Jumatatu aende bila kukosa, karatasi iseme itakavyosema, kwa sababu sikio lililoziba upande mmoja muda wote huo linataka kamera. Akanyamaza kidogo. "Asante, mama. Umekula?"

Lakini kishimo cha sampuli ya 17 kilikuwa na njano nzito kuliko vyote, cha mama mmoja kijana aliyeandikiwa kipimo kwa kutokwa damu puani. Namba kama hiyo siiachi ilale hadi Jumatatu. Daktari wake alishika simu mlio wa pili. Akasema atampigia yeye mwenyewe sasa hivi, afike kesho asubuhi.

Nikaandika saa ya simu kwenye rejesta, nikaiweka chupa ya sampuli ya 17 kwenye friza, nikavua koti.