Kumbe unacheka

Tangu Jumapili usiku nina neno moja limenikaa kichwani, na wala si tusi. Kumbe.

Mpwa wangu Jafari alipohamia Mwanza alituachia ile PlayStation 2 yake kuukuu, pedi mbili (moja kitufe chake kimezama hakirudi) na mfuko wa sidii zenye mikwaruzo. Nilishawaeleza jinsi nilivyoanza kuigusa kwa kisingizio cha kuikagua kama bado nzima. Sasa sina kisingizio. Jumapili, saa tano na nusu usiku, niko sebuleni, sauti nimeipunguza mpaka karibu na sifuri, nacheza Burnout 3, gemu ya mbio za magari. Nimeingia upande wa magari yanayokuja, nikapita kati ya lori na basi, upenyo ambao hata bodaboda wa Manzese angesita. Nikacheka. Kwa sauti, peke yangu, kicheko cha tumboni. Mara nikasikia kandambili koridoni. Mama Nasra amesimama mlangoni na khanga yake ya kulalia, kikombe cha maji mkononi.

"Kumbe unacheka," akasema.

"Nini?"

"Hamna. Nimesema kumbe unacheka."

Akazima taa ya koridoni, akarudi kulala. Kwenye TV gari langu lilikuwa limeshapiga mzinga kitambo.

Wiki hii shemeji zangu wameleta habari ya posa ya Mwanaidi, lile gari letu la pili pale chuo cha udereva limekufa gia boksi, na mwenye kiwanja ametupa miezi mitatu tuhame. Mambo ya kukosesha mtu usingizi hayo. Mimi kilichonikosesha usingizi ni kumbe.

Maana mtu hasemi kumbe kwa jambo analolijua. Unasema kumbe ukikuta duka ulilokuwa unalifuata Kariakoo lipo mtaa wa nyuma ya kwenu. Jambo lilikuwepo siku zote, wewe ndiye hukuwa na habari nalo. Kwa hiyo mwanamke niliyeishi naye miaka kumi na tisa amegundua, Jumapili hiyo, kwamba mumewe anacheka. Jumatatu nikajaribu kulisema kwa sauti mbalimbali nikiwa peke yangu garini nikimsubiri mwanafunzi. Kumbe unacheka, kwa furaha. Kumbe unacheka, kwa kejeli. Kumbe... unacheka. Hii ya mwisho, yenye kituo katikati, ndiyo inayofanana zaidi na alivyosema yeye, na ndiyo mbaya kuliko zote. Mwanafunzi alipofungua mlango alinikuta naongea na kioo.

Wageni wa hapa mjue tu kwamba nafundisha udereva. Mwaka wa kumi na sita huu nakaa kiti cha kushoto, mguu wa kulia uko juu ya breki ya mwalimu, nasema maneno yale yale. Kioo. Indiketa. Punguza. Punguza nimesema. Kwenye makazi ya watu mwisho ni 50 kwa saa, na mwanafunzi mwenye alama ya L hata hiyo 50 hana haraka nayo. Napita naye kipilefti kama tunabeba mayai. Nyuma daladala linapiga honi, kushoto bodaboda anachomekea, mbele kuna mtu anatanua kwenye mchanga ili arudi barabarani mita thelathini baadaye. Kazi yangu ni kuliona jambo kabla halijatokea. Ukifanya hivyo kutwa, jioni huwezi kulizima. Mke wangu anasema hata nikipewa lifti na mtu nakanyaga zulia la gari. Anasema nakanyaga hata usingizini.

Jafari alipotaka kunifundisha gemu, alianza na Gran Turismo kwa heshima, akidhani mtu wa fani yangu atapenda kitu chenye uhalisia. Mchezo wa mwaka 1997 huo, ule wa kwanza, na matoleo mengine yakafuata. Kwanza ufanye majaribio ya leseni. Jaribio lenyewe: ondoa gari, fika kasi, simama ndani ya eneo lililochorwa, ukizidi umefeli. Nikamwambia, mjomba, nimetoka kazini sasa hivi, unanirudisha kazini? Akacheka, akatoa sidii akaweka nyingine.

Hiyo nyingine ndiyo Burnout 3, ya mwaka 2004, imetengenezwa Guildford kule Uingereza na Criterion. Ndani yake kila ninachokataza kutwa nzima ndicho kinacholipwa. Ukipita upande usio wako unapewa moto wa ziada. Ukimkosa mtu kwa unywele, unapewa tena. Ukiingia kona mkia umekimbia, unapewa. Na ukipiga mzinga hujaharibikiwa: unabonyeza kitufe, muda unapunguza mwendo, na lile gari lako bovu likiwa bado linabiringika unaweza kulisukuma pembeni likamwangukie mpinzani wako. Kisha sekunde chache baadaye uko barabarani tena na gari zima. Hakuna trafiki na tochi nyuma ya mti. Wala hakuna mtembea kwa miguu hata mmoja, na hilo nililigundua usiku wa tatu au wa nne hivi. Mji mzima, barabara zote, hakuna mama mwenye ndoo ya samaki, hakuna mtoto wa sare anayevuka kwa kukimbia huku ameangalia upande usio sahihi. Nilipogundua hilo mabega yangu yalishuka yenyewe.

Watu wanadhani raha ya hizi gemu ni kasi. Kasi ninaijua, nimeshapanda mabasi ya mikoani enzi zile hayajabanwa. Kasi ya kweli inakausha mate. Kinachonivuta mimi ni kwamba barabara inasamehe. Hata wapinzani wanakusubiri; michezo mingi ya aina hii inawapunguzia walio mbele kasi kwa siri ukiachwa sana, ili usikate tamaa. Mimi pia huwafanyia hivyo wanafunzi, nawaambia leo umeendesha vizuri. Sijui kama kuna mtu nyumbani ninayemfanyia hivyo.

Kwenye mfuko wa Jafari kuna na OutRun, toleo la 2006, lakini babu yake ni ile mashine ya Sega ya 1986, ya kuchezea kwa sarafu ukumbini, iliyobuniwa na Yu Suzuki. Huyu bwana alizunguka Ulaya na gari kwanza kutafuta mandhari ya mchezo wake, ndipo akakaa chini. Nimesoma mengi juu ya ile mashine wiki hii, badala ya kufanya hesabu za gia boksi. Haikuwa na uwezo wa kuchora barabara ya kweli. Ilichukua picha bapa ya mnazi, ikaanza nayo ikiwa nukta, ikaikuza na kuikuza mpaka ikapita puani kwako, na jicho likakubali kudanganywa. Na minazi ndiyo hasa, kwa sababu safari inaanzia ufukweni, panaitwa Coconut Beach. Ukiwa Kigamboni unaelewa moja kwa moja. Kabla ya kuondoka unachagua muziki wa redioni, nyimbo tatu. Halafu saa inaanza kurudi nyuma. Kila ukivuka mstari wa kituo unaongezewa sekunde, barabara inagawanyika mbili, unachagua kushoto au kulia. Saa ikiisha hupigi mzinga wala nini. Gari linapungua lenyewe, taratibu, linasimama.

Haya, nimezunguka sana. Ninachokikwepa ni habari ya barabara ya Sam Nujoma.

Mliosoma mwaka jana mnaijua. Mwaka 2012 nilimfundisha Mama Nasra kuendesha, siku nne. Siku ya nne, karibu na Mlimani City, gari likamzimikia katikati ya foleni, nikamfokea maneno ambayo sijawahi kumfokea mwanafunzi anayenilipa. Akashuka, akasimamisha bajaji akaenda nyumbani. Na ufunguo wa gari kaondoka nao. Niliandika kama kichekesho, nanyi mlicheka sana. Hajashika usukani tena tangu siku ile, hiyo sehemu sikuiandika.

Sasa weka hayo pembeni ya Jumapili. Amesimama mlangoni anamwona mwalimu wake yule yule anabamiza magari ya watu kwa makusudi na kucheka. Alipozimikiwa yeye, gari halikugusa hata kipande cha plastiki. Nilipofika hapo, Jumatano, foleni ya Ubungo, niliona aibu mpaka masikioni. Mwanafunzi akaniuliza, "Mwalimu, nimekosea nini?" Nikamwambia hujakosea, endelea mbele.

Ijumaa nimerudi nimekuta ameshawasha TV mwenyewe. Si taarifa ya habari. Pedi nzima ameishika yeye, ile mbovu ameiweka upande wangu wa kochi.

"Hiki cha kuondoa ni kipi?"

Nikamwonyesha. Nikamwekea OutRun, nikaona Burnout ni ya kumtisha. Akakaa kwenye kuchagua muziki dakika nzima, anasikiliza kidogo, anarudi, anasikiliza tena, kama anachagua kitenge. Mimi nimeshaanza kusema chagua tu yoyote, nikajiuma ulimi. Akaondoka. Ukuta. Akaondoka tena. Gari la mbele. Akaingia majanini, akatoka, akaliparamia bango.

"Huyu dada aliyekaa pembeni kazi yake nini?" akauliza, macho kwenye TV.

"Hana kazi. Amepakiwa tu."

"Hakanyagi breki?"

Sikujibu. Ningejibu nini?

"Baba Nasra."

"Naam."

"Toa mguu."

Nikaangalia chini. Mguu wangu wa kulia ulikuwa umekandamiza marumaru mpaka vidole vimegeuka vyeupe. Nikaukunja chini ya kochi.

Mara ya tano au ya sita akafika kwenye mstari wa kituo na sekunde mbili mkononi. Saa ikaruka juu. "Wameniongezea!" akapiga kelele, akanigonga bega na pedi, "umeona, wameniongezea!" na akacheka, akashindwa kuona barabara imegawanyika, akaenda kujipigilia pale pale katikati. Akazidi kucheka. Na mimi. Machozi yalinitoka, nawaambia ukweli. Jirani aligonga ukuta.

Nilitaka kumwambia habari ya Sam Nujoma. Nilikuwa nayo mdomoni kabisa. Kilichotoka ni, "Ile kona, ukiachia moto kidogo kabla ya kuingia..."

"Mwalimu," akasema. Basi. Nikanyamaza.

Tumecheza mpaka saa sita na nusu. Hakufika mwisho wa safari hata mara moja na hakuonekana kujali. Alipoinuka akasema kesho niite fundi atengeneze ile pedi nyingine. Habari ya kumbe hakuigusa, nami sikuuliza, na Jumamosi asubuhi alinipa chai kama kawaida. Leo nimejikuta nalisema tena garini, ile ya kituo katikati. Safari hii haikuuma sana. Kidogo bado.

Kinachonitia wasiwasi sasa hivi ni ule mwarobaini wa nyuma. Lile tawi kubwa limeinama juu ya bati la jirani, yule yule aliyegonga ukuta, na tangu jana nasikia linakwaruza kila upepo ukija. Vuli inanyemelea. Kijana aliyelikata mwaka juzi kahamia Chanika na namba yake haipatikani. Nimeshapanda ngazi kuangalia: pale lilipoungana na shina pana ufa unaoingia kidole gumba.