Nilivyoiwezesha programu kukadiria kosa lake na kupasua wavu yenyewe

Programu yetu ya kuiga mikazo ya vyuma ilimwachia mtumiaji kazi ya kuchagua ukubwa wa pembetatu za wavu, yaani vipande vidogo ambavyo umbo hugawanywa ili kompyuta ikokotoe. Mzoefu alizibana, yaani alizifanya ndogo na nyingi, pale alipojua mkazo utapanda. Asiye mzoefu alizibana kote, kisha akaisubiri kompyuta. Nikapewa jukumu la kuifanya programu iamue yenyewe.

Kukadiria kosa kunatisha kwa jina tu. Nilitumia njia ya Zienkiewicz na Zhu ya mwaka 1987. Pembetatu za daraja la kwanza, zile rahisi kabisa, hutoa mkazo ulio sawa kote ndani ya kila moja, halafu unaruka ghafla ukivuka ukingo. Ndani ya chuma cha aina moja, mkazo halisi hauruki hivyo. Basi unachukua wastani kwenye nodi, yaani pembe ambapo pembetatu hukutana, unaulainisha, kisha unapima umbali kati ya mkazo laini na ule mbichi. Panapoachana sana ndipo penye kosa. Ila vyuma viwili tofauti vinapoungana, sehemu ya mkazo huruka kweli, kwa hiyo wastani huchukuliwa kila upande kivyake. Usipofanya hivyo, programu itaupasua mpaka huo bila kuchoka.

Zipi zipasuliwe? Kupasua kila iliyozidi nusu ya kosa kubwa kuliko yote ni rahisi kuandika, lakini kona moja kali huzifunika nyingine zote. Nikachagua utaratibu wa Dörfler wa 1996: unazipanga kuanzia yenye kosa kubwa, unazichukua mpaka jumla ya makosa yao yaliyopigwa kipeo cha pili ifikie sehemu uliyoiweka, tuseme nusu, ya jumla yote.

Muda wangu mwingi uliishia kwenye upasuaji wenyewe. Pembetatu hukatwa katikati ya ukingo wake mrefu zaidi. Jirani naye lazima akatwe, ama nodi mpya ibaki ikining'inia katikati ya ukingo wa jirani bila kuwa pembe yake. Jirani akikatwa humgusa jirani yake, na mzigo, masharti ya mipaka na majina ya nyuso lazima vifuate kila mkato. Hakuna hesabu ngumu hapo, ni uangalizi tu, na ndipo msimbo ulipovimba.

Nilijaribu kwa mlinganyo wa Laplace kwenye umbo la L, ambalo jibu lake kamili linajulikana. Ukiongeza pembetatu mara nne kwa usawa kote, kosa la nishati, yaani kosa la umbo zima lililopimwa kwa nishati, hupungua kwa takriban asilimia 37 tu. Kwa wavu unaojirekebisha, lilipungua karibu nusu, kama nadharia inavyodai.

Watumiaji, hata hivyo, hawaulizi nishati. Wanauliza mkazo wa juu kabisa, na kwenye kona kali ya ndani mkazo huo kinadharia hauna kikomo: kila ukipasua, unapanda. Kwa hiyo niliweka ukubwa wa chini wa pembetatu, pamoja na onyo. Kosa la jumla likishuka huku mkazo wa juu ukizidi kupanda mahali palepale, programu humwonyesha mtumiaji kona hiyo na kumtaka aichore kwa mviringo wake halisi.