Mtoto mtulivu wa dawati la nyuma: kutambua ADHD shuleni

Anayerukaruka juu ya madawati kila mtu anamwona. Anayepotea ni yule aliyetulia nyuma, ananakili mistari mitatu ubaoni kisha anakwama, penseli mkononi, macho dirishani. Kwenye ripoti anaandikiwa "ana uwezo ila hajitumi". Huyu naye anaweza kuwa na ADHD, yaani tatizo la umakini na utulivu linaloanza utotoni, na wasichana wengi wenye tatizo hili wako hivi.

Mwongozo wa DSM-5, ambao madaktari hutumia kutambua matatizo ya akili, uliotoka Marekani mwaka 2013, unataja dalili 9 za kukosa umakini na 9 za kuhangaika na kufanya mambo kwa pupa. Mtoto awe na angalau 6 za kundi moja, zidumu miezi 6, ziwe zimeanza kabla ya miaka 12, zimkwamishe kweli, na zionekane mahali pawili au zaidi. Hilo la mahali pawili ndilo linalorukwa sana, na ndilo linalowaepusha watoto na jina lisilo lao. Akisumbua kwenye hesabu tu, chunguza hesabu. Akisumbua shuleni tu, angalia darasa lenyewe, au lugha ya kufundishia kama ameibadili karibuni. Na aliyekuwa sawa miaka yote akabadilika ghafla darasa la tano, uliza nani amefariki nyumbani, au nani anampiga.

Mwalimu na mzazi, anzeni na daftari, wiki mbili. Andikeni tukio, msiandike sifa. "Hasikilizi" haimsaidii daktari. Andika: "Nilimwagiza atoe kitabu, afungue ukurasa wa 12, afanye swali la kwanza, alitoa kitabu, akaishia hapo." Mzazi naye aandike: sweta ngapi zimepotea muhula huu, kazi ya dakika 15 imechukua muda gani, ametumwa chumvi akarudi na nini. Mlinganisheni na wa umri wake. Tafiti za nchi kadhaa zimeonyesha kwamba mdogo kuliko wote darasani hubandikwa ADHD kwa urahisi zaidi, wakati pengine kinachomsumbua ni udogo wake tu.

Wazazi wengi husema, "Mbona katuni anaangalia saa nzima?" Katuni na gemu humpa kitu kipya kila sekunde chache. Ugumu wake uko kwenye kuushikilia umakini pale jambo linapochosha, kwa hiyo hoja hiyo haiondoi tatizo.

Kabla ya kusema ni ADHD, pimeni masikio na macho. Sikio linalotoa usaha mara kwa mara hupunguza usikivu, na mtoto asiyesikia vizuri hafuati maagizo. Mtoto anayekoroma kila usiku, mdomo wazi, kwa sababu ya mafindofindo au nyama za puani, hapati usingizi wa kutosha. Mchana mara nyingi hatasinzia kama mtu mzima, atahangaika. Upungufu wa damu nao hushusha umakini. Aliyewahi kulazwa kwa malaria iliyopanda kichwani anaweza kubaki na ugumu wa aina hii, kwa hiyo daktari aambiwe.

La kuangalia kwa makini zaidi ni kifafa cha kuduwaa. Mtoto hukatika katikati ya neno, sekunde 5 hadi 20, pengine kope zinapepesa, haitiki hata akiguswa, kisha anaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea. Anayewaza mambo yake, ukimgusa bega hushtuka na kugeuka. Mzazi akiweza kurekodi tukio kwa simu, daktari atapata mengi kuliko maelezo ya mdomo.

ADHD haionekani kwenye damu wala picha ya ubongo. Daktari hutegemea historia, daftari lenu na fomu kama ya Vanderbilt, ambayo mzazi na mwalimu hujaza kila mmoja yake, kwa alama 0 hadi 3. Dalili huhesabiwa ikipata 2 au 3. Msijaze kwa kushauriana, tofauti zenu zina maana. Nendeni kliniki ya watoto au ya afya ya akili katika hospitali ya rufaa. Kenya pia kuna vituo vya EARC vya kutathmini wanafunzi.

Mkisubiri tarehe, msimchape. Fimbo haimpi umakini, inampa woga, na mtoto mwenye woga hujifunza kwa shida. Mketisheni mbele, mbali na mlango na dirisha. Mpeni agizo moja, alirudie kwa mdomo wake, amalize ndipo apewe la pili. Kazi ya maswali 20 igawanywe mafungu manne, na kila akimaliza matano ainuke akayasahihishiwe.