Kabati kwanza, sanamu baadaye: wahusika wa gemu kwenye joto na vumbi la Arusha na Moshi

Kabla hujalipia sanamu ya kwanza ya mhusika wa gemu, nenda kwa fundi aluminiamu. Najua wanaoanza hawapendi kuambiwa hivi, maana kabati likiletwa nyumbani bado ni tupu na pesa imeshatoka. Lakini kwa hali ya hewa yetu, kabati na mahali lilipowekwa ndivyo vinavyoamua kama sanamu itakaa miaka kumi ikiwa imesimama wima, au itaanza kuinama kabla ya masika ya pili.

(Wengine huandika "figa". Huku kwetu figa ni jiwe la jikoni, kwa hiyo nitasema sanamu.)

Tuanze na vipimo, kwa sababu kabati hutengenezwa kwa vipimo. Skeli 1/7 maana yake urefu wa mhusika umegawanywa kwa saba. Mhusika 2B wa gemu ya NieR: Automata ana sm 168 pamoja na visigino, hivyo kwenye 1/7 anakuwa na sm 24. Cloud Strife wa Final Fantasy VII ana sm 173. Kwenye 1/8 anafika karibu sm 21.6. Hesabu hiyo ni ya mwili uliosimama wima tu, na wahusika wa gemu za njozi ni nadra kusimama wima. Wanainua panga, nywele zinapeperuka, joho linatanda nyuma, na chini kuna kitako chenye mawe au moto. Kwa 1/7 panga rafu yenye urefu wa sm 35, na sm 40 kama upanga umeinuliwa juu ya kichwa. Kina kisipungue sm 35, la sivyo bawa au upindo wa joho utagusa kioo na rangi itaachwa hapo. Sanamu za 1/4 zinahitaji rafu yake peke yake, sm 55 hadi 60. Nendoroid na Pop Up Parade, aina za sanamu ndogo za Good Smile Company, hazina skeli, na zinatosha kwenye rafu yoyote.

Kwa fundi, iwe Unga Limited hapa Arusha au Majengo kule Moshi, taja mambo haya kabla hajaanza kukata. Rafu ziwe za kioo cha mm 5 kama upana hauzidi sm 60. Ukitaka sm 80, chukua mm 6 au aweke mhimili katikati. Kingo zisagwe. Milango iwe ya bawaba, si ya kuteleza, kwa sababu ya kuteleza huacha mwanya katikati pale vioo viwili vinapopishana, na vumbi hupitia hapo hapo. Kwenye fremu ya mlango abandike raba, ile nyembamba ya madirisha.

Halafu mwambie atoboe matundu. Fundi wengi hushangaa, kwani si umetoka kuomba kabati lisiloingiza vumbi? Sababu iko kwenye plastiki yenyewe. Mwili, nywele na nguo za sanamu nyingi ni PVC. Vitako, nguzo na baadhi ya silaha ni ABS. PVC kwa asili ni ngumu, hivyo kiwandani huchanganywa na kilainishi ili iweze kushika umbo la kidole au unywele mwembamba. Kilainishi hicho hakijashikamana na plastiki moja kwa moja. Joto likipanda kinasogea polepole mpaka juu ya ngozi, na hewa isipozunguka kinabaki hapo. Ukigusa shavu, kidole kinanata kidogo kama kimegusa karatasi ya pipi. Ukiangalia kwa kumulika tochi pembeni, unaona mng'ao wa mafuta kwenye paja wakati nguo ya pembeni bado haina mng'ao wowote. Sanamu iliyofungiwa kwenye boksi lake miaka mingi hunata kuliko iliyo wazi, kwa sababu hiyo hiyo.

Kwa hiyo: matundu mawili ya mm 10 chini upande wa nyuma, mawili juu, kila moja limezibwa kwa ndani na kipande cha barakoa ya hospitali kilichobandikwa kwa gundi ya silikoni. Hewa inapita, vumbi linabaki nje. Badilisha kipande kila baada ya miezi sita. Utashangaa rangi yake. Silikoni nayo iache ikauke siku mbili milango ikiwa wazi kabla hujaingiza kitu chochote, harufu yake ikiisha kabisa.

Taa ziwe za LED za mkanda, volti 12. Mkanda wa wati 4.8 kwa mita, ukiweka mita mbili, unakula wati 10 hivi, na adapta ya ampea 2 inatosha bila kuchemka. Adapta ikae nje ya kabati. Usiweke balbu za joto wala zile tyubu ndefu. Za kwanza zinapika sanamu na za pili zinatoa mionzi kidogo ya urujuanimno, ambayo ukiiacha kila jioni kwa miaka inageuza weupe kuwa njano.

Sasa kabati likae wapi. Tuko nyuzi tatu na kitu kusini mwa ikweta, hivyo jua la saa sita linakuwa karibu utosini mwaka mzima. Dirisha la kaskazini au la kusini lenye upenu wa kawaida halipitishi jua jingi. Hatari ni la mashariki na la magharibi, ambapo jua huingia likiwa limelala na kufika hadi ukuta wa pili. Kioo cha dirisha hakikuokoi: kinazuia sehemu kubwa ya mionzi mikali, lakini ile inayofubaza rangi inapita. Waridi na zambarau ndizo hutangulia kupauka. Simama chumbani saa tatu asubuhi na saa kumi jioni, tia alama ya chaki pale jua linapofika, kisha rudia baada ya miezi sita kwa sababu litakuwa limehama.

Nyumba ya bati isiyo na dari ni tatizo jingine. Moshi mwezi Januari na Februari chumba cha namna hiyo kinawaka mchana, na joto hupanda juu. Rafu ya juu kabisa waachie wahusika wafupi walionenepa au waliokaa chini. Wenye miguu myembamba na nywele nzito waende rafu za chini. Acha sm 5 kati ya kabati na ukuta, hasa ukuta wa magharibi. Masika, unyevu hupanda kwenye kuta, na maboksi ya sanamu huota ukungu. Yaweke juu ya mbao sm 10 kutoka sakafuni, kila moja na vipakiti viwili vitatu vya silika geli, vile vinavyokuja ndani ya viatu vipya. Usitupe boksi wala trei ya plastiki iliyomo, kwani ukihama au ukiuza ndizo zinazookoa sanamu na bei yake.

Kununua. Mlango wa kuaminika ni Japani: kampuni kama Good Smile Company, Max Factory, Alter na Kotobukiya, na maduka yanayouza vilivyotumika kwa kutaja hali ya sanamu na ya boksi kila moja peke yake. Hiyo ya boksi bovu na sanamu nzima ndiyo nafuu ninayoipendekeza kwa moyo wote. Maandishi ya "Made in China" si dalili ya feki, kwa kuwa hata orijino nyingi hutengenezwa China. Angalia macho: ya orijino yamepigwa chapa na kingo zake ni kali hata ukikuza picha, ya feki yana ukungu au jicho moja liko juu ya lenzake. Angalia ngozi, kama inang'aa kama beseni, acha. Angalia nywele: orijino hubadilika rangi taratibu kuelekea ncha, feki ni rangi moja na mstari wa muunganiko unaonekana. Boksi lisilo na nembo ya mtengenezaji linamaliza ubishi.

Nauli ndiyo inayowachanganya watu. Kampuni za kubeba vifurushi kwa ndege hutoza kwa ukubwa: urefu mara upana mara kimo kwa sentimita, gawanya kwa 5000. Boksi la 40 × 30 × 35 linatoa kilo 8.4, hata kama mizani inasema kilo 1.8. EMS ya posta ya Japani hutoza uzito halisi, na kwa sanamu, ambazo ni hewa nyingi na plastiki kidogo, tofauti ni kubwa. Ushuru wa forodha unakokotolewa juu ya bei pamoja na nauli na bima, kisha VAT ya asilimia 18 inapigwa juu ya jumla hiyo ikiwa na ushuru wake. Sanamu inaweza kuingizwa kwenye kundi la vitu vya kuchezea (namba ya forodha 9503) au la mapambo ya plastiki (3926.40), hivyo muulize wakala kiwango cha kila kundi kabla hujalipa. Usimwombe muuzaji aandike bei ndogo; mzigo ukivunjika, bima italipa hiyo hiyo ndogo. Ukienda kuchukua Posta pale Mnara wa Saa, beba kitambulisho na risiti iliyochapishwa.

Mzigo ukishukia Dar na kupandishwa basi, mwambie anayepokea vifurushi asiuweke upande wa injini, na uandike "JUU" kwa kalamu nene. Saa kumi na zaidi kwenye buti lenye joto zinatosha kupinda upanga mrefu. Ukiupokea, usiuache kwenye gari lililopaki juani hata kwa nusu saa.

Kufungua nako kuna namna yake. Kata selotepu kwa kina cha milimita moja tu. Piga picha trei kabla hujatoa kitu, ili ujue kila kipande kilikaa wapi. Zile karatasi za nailoni zilizopachikwa kati ya nguo nyeusi na ngozi zina kazi: zinazuia rangi isihame. Zihifadhi. Vijiti vya kuunganishia visilazimishwe. Asubuhi ya Julai hapa Arusha PVC inakuwa ngumu, na hapo ndipo vifundo vya mikono hukatika. Pasha sehemu yenye tundu kwa kikausha nywele sekunde 20 hadi 30, sm 15 mbali, kisha sukuma ukiwa umenyoosha, bila kuzungusha.

Vumbi letu la udongo wa volkano lina chembe ngumu. Ukifuta kwa kitambaa kikavu unasugua kama msasa na ngozi inapata alama za kung'aa. Tumia brashi ya poda mpya, kutoka juu kwenda chini. Sanamu iliyonata iogeshe: lita moja ya maji ya vuguvugu, tone moja la sabuni ya vyombo, mswaki laini, suuza, kisha kausha kivulini kwa muda wa saa tatu hadi nne matundu yakiangalia chini. Poda ya mtoto ambayo wengine hupaka inajaa kwenye mikunjo na haitoki. Spiriti, tina na asetoni visikaribie kabisa.

Iliyoinama inarudi. Maji yetu ya Arusha, kwenye mita 1400 hivi, huchemka karibu nyuzi 95, si 100. Changanya vipimo viwili vya maji yaliyochemka na kimoja cha bomba, utapata karibu nyuzi 70. Zamisha vifundo vya miguu dakika moja hadi mbili, nyoosha ukipitiliza kidogo upande wa pili, kisha zamisha kwenye maji baridi ukiwa umeshikilia dakika mbili. Usisugue rangi ikiwa moto. Kama nywele ndizo nzito, miguu itainama tena, hivyo weka kifimbo cha akriliki angavu chini ya fundo la nywele, urefu wake upimwe sanamu ikiwa imesimama sawasawa.

Kijiti kikikatika, supagluu peke yake haitoshi, na mvuke wake huacha ukungu mweupe kwenye plastiki ya pembeni. Toboa pande zote mbili kwa biti ya mm 1 ukizungusha kwa vidole, mm 5 ndani, ingiza kipande cha waya wa klipu ya karatasi, weka gundi kwa ncha ya kijiti cha meno kwenye waya tu, kisha funga. Acha sehemu yenye hewa, nje ya kabati, saa 24 nzima kabla hujamrudishia upanga mkononi.