Jalala la Ngamiani tulivyoligeuza bustani ya mtaa

Kiwanja kina mita 12 kwa 18. Kwa ukubwa huo yangeingia matuta zaidi ya ishirini. Tulianza na sita, kwa sababu ya maji.

Tuta letu ni mita 1 kwa 5. Wakati wa kiangazi udongo wa kichanga wa huku Tanga unakunywa kama lita 6 kwa kila mita ya mraba kwa siku, yaani lita 30 kwa tuta: debe moja la lita 20 asubuhi, nusu debe jioni. Matuta sita ni madebe tisa, kila siku ya Mungu. Piga hesabu hiyo ukiwa umesimama bombani, kabla hujashika jembe.

Kisima kikiwa karibu na bahari, yaonje maji yake. Yakiwa na chumvi, mchicha utavumilia kiasi, lakini maharage na karoti huungua ncha za majani, na juu ya udongo hujitokeza utando mweupe. Sisi kisima tuliachia mchicha, mengine yakanywa ya bomba. Masika tunakinga maji ya bati: milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ya paa ni lita 1, kwa hiyo paa la mita 60 za mraba likipigwa na mvua ya milimita 10 linatoa karibu lita 600. Pipa la lita 200 litafurika. Lifunike kwa chandarua, vinginevyo utafuga mbu.

Kibali kiandikwe: muhtasari wa kikao cha mtaa na barua ya mwenye kiwanja. Usipande mnazi wala mwembe. Mazao ya kudumu huleta mabishano ya fidia, na mwenye kiwanja akiona mnazi atajua umehamia.

Kazi kubwa ni takataka. Kishawishi cha kwanza ni kuwasha moto. Usiwashe: plastiki na betri zikiungua, sumu yake inabaki kwenye majivu, na majivu yanabaki kwenye udongo wako. Tulichimba sentimita 30, tukapitisha udongo wote kwenye chekeche ya waya, ile ya mafundi ujenzi, maana vipande vya chupa havionekani mpaka vikukate. Vifusi vikubwa tulivipanga kuwa kingo za matuta. Pembe moja ilikuwa imemwagiwa oili chafu ya magari. Pale hatukulima chini kabisa, tuliweka viroba vyenye udongo wa kutoka kwingine.

Halafu kuna ndago, lile gugu lenye vinundu ardhini. Ukiikatakata kwa jembe umeizidisha, kwani kila kinundu kinachobaki ardhini huchipua. Ing'oe udongo ukiwa na unyevu, fuata uzi wake hadi kinundu cha mwisho, urudie kila baada ya wiki mbili. Palipotushinda tulipanda matembele. Yakitanda, ndago hukosa jua na kudhoofika.

Samadi tulipata kwa wafugaji wa ng'ombe wa maziwa. Ikiwa mbichi huunguza miche, kwa hiyo ilikaa kwenye lundo miezi mitatu, ikigeuzwa, mpaka ikaacha kupata joto, ikaanza kunukia udongo. Tuliweka debe moja kwa kila mita ya mraba. Kiangazi matuta tunayashusha kidogo chini ya njia ili maji yasikimbie. Masika tunayainua, la sivyo mizizi inaoza.

Mbegu za mchicha changanya na mchanga mkavu ndipo umwage, zisirundikane. Zungushia majivu ya kuni, maana sisimizi huzibeba. Baada ya wiki tatu hadi nne unavuna.

Tuta la wote halimwagiliwi na mtu. Kila tuta lina kaya mbili na siku zao zimeandikwa ubaoni. Uzio ni nyavu kuukuu za wavuvi, mita moja na nusu kwenda juu, sentimita 15 zimefukiwa. Tulipoziacha zikining'inia tu, kuku walichakura wakapita chini.