Jinsi nilivyoondoa mvumo katika studio yangu ya nyumbani
Kwa majuma matatu kila nilichorekodi chumbani, hapa Kadutu, Bukavu, kilibeba mvumo mzito wa hezi 50, yaani mitetemo 50 kwa sekunde, ambayo ndiyo masafa ya umeme wetu. Nilibadilisha maikrofoni, kisha nyaya, mvumo ulibaki. Jana nilichomoa chaja ya kompyuta ili nipate soketi ya taa, na mvumo ukatoweka papo hapo. Kumbe kompyuta na mashine ya kuchanganyia sauti zilitumia soketi mbili tofauti, na nyaya zao za ardhi, zikikutana tena kupitia waya wa sauti, zilifanya mzunguko uliopitisha mkondo mdogo. Nimezichomeka zote katika soketi moja yenye ardhi. Pini ya ardhi sikuikata, kwani ndiyo inayotukinga tusipigwe na umeme. Sasa hata pumzi ya mwimbaji inasikika.