Siku moja maishani mwangu: Jumamosi ya mashindano ya roboti mjini Duluth

Naamka saa kumi na moja alfajiri katika chumba cha hoteli mjini Duluth, Minnesota, na kabla hata ya kupiga mswaki napitia karatasi ya betri niliyoiandika usiku: tatu zimejaa, ya nne ina mashaka. Kazi yangu ya kila siku ni ufundi umeme. Mimi ni mzaliwa wa Tanga, na msimu huu wa 2024 ni wa pili nikiilea timu ya roboti ya wanafunzi wa sekondari katika mashindano ya FIRST, ambayo yalichezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1992. Leo ni siku ya mwisho ya mashindano ya kanda yetu.

Saa moja na nusu asubuhi tumekwisha kuvaa miwani ya usalama na tumo kibandani, mahali ambapo kila timu hutengenezea roboti yake. Kanuni niliyojiwekea ni ngumu kwa fundi: mikono yangu hukaa mfukoni, kwa sababu roboti ni ya watoto, nami nikishika spana, nimewanyang'anya kitu ambacho wamekifanyia kazi tangu Januari, mchezo wa mwaka huu ulipotangazwa.

Saa tatu kasorobo roboti yetu inaingia uwanjani. Mechi huchukua dakika 2 na nusu, timu tatu dhidi ya tatu, na sekunde 15 za mwanzo roboti hujiendesha yenyewe kwa programu bila dereva kugusa chochote. Sekunde hizo zinakwenda vizuri. Inarusha pete ya sponji ya rangi ya machungwa na kulenga. Kisha dereva anashika usukani, roboti inagongana na mwenzake, taa zinazimika, nayo inasimama kama gogo. Inapowaka tena, zaidi ya nusu dakika imepotea, kwa kuwa redio inayoiunganisha na kompyuta ya dereva huchukua muda kuamka. Inagongwa tena, inazimika tena.

Nusu saa inayofuata ndiyo ninayoikumbuka kuliko zote. Wengine wanasema ni programu, wengine wanasema ni redio, na sauti zinaanza kupanda. Anayesimamia umeme ni kijana wa miaka 16 aliyezaliwa katika kambi ya Nyarugusu, mkoani Kigoma, wazazi wake wakiwa wamekimbia vita Kongo, naye huniita shangazi.

"Shangazi, nianzie wapi?"

"Umeme unatoka wapi?"

Anafungua kwanza kumbukumbu za volti katika kompyuta ya dereva, anauona mstari uliokuwa karibu na 12 ukikatika ghafla kila roboti inapogongwa, kisha anachuchumaa na kuanza kuvuta waya mmoja mmoja kwa vidole viwili, kuanzia kwenye betri. Waya wa kwanza umekaza. Wa pili, ule mweusi mnene, unazunguka kidogo juu ya kichwa cha betri, labda robo tu ya mzunguko, huku tepu nyeusi ikiwa imeifunika nati vizuri kabisa.

"Hii inacheza," anasema kwa sauti ya chini.

Nati moja tu, na ni ya betri namba nne. Anabandua tepu, anaikaza, anaifunga upya, kisha anakagua betri zote bila kuagizwa. Wakati huohuo timu ya kibanda cha pili, ambayo tutapambana nayo baada ya mechi mbili, inatuletea betri yake ili tusichelewe foleni. Katika mashindano haya ni jambo la kawaida, lakini mimi bado sijalizoea.

Karibu na saa tano, wasichana wawili wa timu nyingine, ambao kazi yao ni kuandika mwenendo wa kila roboti, wanakuja kuuliza kwa nini tulizimika. Kijana wetu anawaeleza wazi, nati kwa nati. Saa sita mchana manahodha wanane wanapochagua timu za kuunda nazo miungano ya mtoano, nahodha wa muungano wa sita anaitaja namba yetu. Nina hakika maelezo yale yalichangia.

Alasiri tunapoteza mechi ya kwanza, tunashinda ya pili, tunapoteza tena, na kwa kuwa kupoteza mara mbili ni kutolewa, tunaanza kufungasha. Roboti haikuzimika hata mara moja.

Saa mbili usiku tumo ndani ya basi kuelekea Minneapolis, wengi wamelala. Kijana anaongea na mama yake kwenye simu kwa Kiswahili, nami nasikia akiulizwa kama mgonjwa amepona.

"Amepona, mama. Ila betri namba nne nitaipima tena Jumatatu."